Sanda Tatu za Rais Kitwana

Hapo zamani, na asinikatize mtu, palikuwa na rais aliyeitwa Kitwana Mbaruku. Alijenga kiwanda cha nguo, watu wakavaa wakapendeza. Kisha akachapisha noti, akachapisha, akachapisha, mpaka kapu la noti likawa halinunui kibaba cha unga. Kiwanda kikafungwa. Naye akafa.

Maiti ikaoshwa. Bafta ya sanda ikatafutwa madukani mji mzima, haikupatikana! Mjenga kiwanda cha nguo, hana nguo ya kuzikiwa.

Wakaja watu watatu, kila mmoja na kitambaa chake. Sheikh akafurahi. "Alhamdulillahi! Mwanamume huvikwa tatu. Zimetimia."

"Yangu ndiyo iguse mwili," akasema Bi Rukia, mke mkubwa.

"Yangu!" akasema Bi Tatu, mke mdogo.

"Yangu," akasema Shomari, rafiki yake tangu chuoni, aliyekuwa mkuu wa kiwanda.

Wivu hauna adabu hata mbele ya maiti.

Bi Rukia akasema, "Niliolewa naye akiwa hana hata viatu. Sanda hii niliinunua Makka, nikaichovya Zamzam, nizikiwe mimi. Leo nampa yeye. Mimi nitazikiwa nini?"

"Na unga ulipoadimika ulikuwa wapi?" Bi Tatu akadakia. "Si ulirudi kwenu? Nilibaki mimi, nikimmenyea muhogo. Bafta hii nimeibadilisha kwa bangili zangu za harusi."

"Bangili alizokuvika siku niliyolia mimi!"

Shomari akasema, "Nyinyi mlimbembeleza. Mimi nilimwambia, 'Kitwana, acha kuchapa noti,' akanifunga miaka miwili. Na bado nimemtunzia jora la kwanza la kiwanda chake."

"Jora zima umelificha," wakasema wake wote wawili, siku hiyo tu wakipatana, "watu wakizika watoto wao kwa magunia?"

Shomari akainamisha kichwa, lakini kitambaa hakukiachia.

Jua likapanda. "Maiti hangoji, jamani," sheikh akasihi. "Moja iguse mwili, mbili zifunike." Hakuna aliyerudi nyuma. Akafungua mlango, akawauliza waliokuwa nje wakingoja jeneza, hao hao waliozika kwa magunia. Wakatazamana.

Basi semeni nyinyi mlioshiba: je, sanda ya nani ilistahili kumgusa?