Beseni la Bwana Khelef

Enzi za maharusi kuogea ndani ya beseni kubwa la shaba, tajiri Khelef, mnene kama pipa, alikimezea mate kiwanja cha Bi Kidawa, mchemsha maji wa maharusi. Siku ya harusi yake akamwita mbele ya wageni.

"Nijazie beseni pomoni. Nikiingia tone likamwagika, kiwanja changu. Lisipomwagika, sitakidai tena."

Bi Kidawa akajaza, akamimina juu mafuta ya nazi, kama desturi. "Karibu, bwana harusi."

Khelef akagusa kwa kidole cha mguu, akaruka hadi mlangoni.

"Yanachemka! Mbona hayafuki?"

"Mafuta yamezuia mvuke."

"Nangoja yapoe!"

"Yamevimba kwa moto; yakipoa yatapungua, bwana, nawe umetaka pomoni."

"Si utaongeza!"

"Nitaongeza. Ya moto."

Kiwanja kikabaki kwa mwenyewe, na Khelef akaoa bila kuoga.