Nafasi Moja Garini

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana shule zilikwisha kuezekwa bati, kwenye milima ya chai aliishi mtoto aitwaye Tumpe. Alikuwa darasa la tatu. Mama yake alitolewa nyumbani amebebwa, mgonjwa, na tangu siku hiyo Tumpe hakunena shuleni. Akiulizwa, anatazama chini. Akiitwa, anaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Atupele, mwalimu wa unasihi, kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watoto wenye mzigo moyoni. Akamwita Tumpe. Akawaita na wenzake wawili: Subilaga, msichana aliyelia kila kengele ya kurudi nyumbani ilipogongwa, na Anyisile, mvulana aliyepigana na kila mtu. Kila Jumatano aliwaketisha mkekani ndani ya stoo ya shule, mlango umefungwa. Wakachora, wakacheza, wakazoeana. Na kabla ya kuanza Mwalimu husema, "Tunayosema hapa?" Nao huitikia, "Yanabaki hapa!"

Hakuwaambia kwamba yapo yasiyofaa kubaki. Alitaka kwanza wamwamini.

Jumatano moja mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Atupele ofisini. Watoto wakabaki peke yao. Ndipo Tumpe akafungua kinywa.

"Mama amekufa," alisema. "Bibi ananidanganya kwamba yuko hospitali. Wakubwa wakiniona wananyamaza. Kesho asubuhi navuka mto, naenda hospitali kuangalia mwenyewe. Msimwambie mtu."

Wenzake walitazamana. Mto ulikuwa umejaa, na kivuko cha karibu ni gogo tu.

"Yanabaki hapa," alisema Subilaga.

"Yanabaki hapa," alisema Anyisile, lakini sauti haikutoka vizuri.

Mwalimu aliporudi aliwakuta kimya. Akauliza, "Kuna nini?" Wakasema hakuna kitu.

Subilaga alikwenda nyumbani. Akawaza: nikisema, Tumpe hatanena tena. Nikinyamaza, atakwenda peke yake. Asubuhi akamngojea njiani, akamwambia, "Twende wote."

Anyisile alisimama mstarini shuleni, akaona nafasi zao ziko wazi. Akaimba na wenzake. Akaingia darasani. Akafungua daftari, akalifunga. Ndipo mvua ikaanza kupiga bati, akashindwa kukaa. Alikimbia hadi ofisini, na mbele ya walimu wote akamwaga kila neno Tumpe alilosema.

Mwalimu Atupele hakungoja mwavuli. Alikimbia, viatu vikabaki matopeni. Kufika mtoni, akasikia mtoto anapiga kelele. Tumpe alikuwa ameteleza, maji yamemfika shingoni. Subilaga amelala kifudifudi juu ya gogo, amemshika mkono, analia, "Siwezi tena! Siwezi tena!"

Mwalimu hakujua kuogelea. Aliingia. Maji yakampanda kifuani, akamkamata Tumpe, akamsukuma ukingoni, kisha naye akavutwa na wachuma chai waliosikia kelele.

Kumbe mama yake Tumpe alikuwa hai hospitalini. Habari zikamfikia kitandani, akatuma ujumbe: "Nileteeni mwanangu, pamoja na yule aliyemwokoa. Nataka nimshike mkono mimi mwenyewe."

Gari dogo la parokia likaletwa, lizungukie barabara ya darajani. Akapanda bibi, akapanda Tumpe. Ikabaki nafasi moja.

Subilaga akasema, "Mimi ndiye niliyetunza neno lake. Nilimshika mpaka vidole vikafa ganzi. Bila mimi, mngekuta maji matupu."

Anyisile akasema, "Ungemshika mpaka lini? Mimi ndiye niliyewaleta watu. Ungesema mapema, asingekanyaga gogo lile."

"Na wewe mbona hukusema mapema?"

Anyisile akatazama vidole vya miguu yake. "Niliahidi," akasema.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Wajukuu zangu, mwacheni Mwalimu aende. Aliingia majini hajui kuogelea. Na mjukuu wangu alikuwa hasemi, ni yeye aliyemfanya aseme."

Mama yake Subilaga, aliyesimama kando ya gari, akadakia, "Bibi, huyo huyo ndiye aliyewafundisha kufunga midomo! Watoto wangekufa wawili!"

Mwalimu Atupele akasogea mbele. "Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Dereva akawasha gari. "Jamani, mvua inarudi, njia itafungika. Nani anapanda?"

Wote wakamgeukia Tumpe. Tumpe akamtazama Subilaga, akamtazama Anyisile, akamtazama Mwalimu. Midomo ikamcheza, neno lisitoke.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mlango wa gari uko wazi na wingu linashuka. Yuko aliyetunza siri na kushika mkono. Yuko aliyevunja siri na kuleta watu. Yuko aliyeifanya iwe siri, kisha akaingia majini. Je, nani alistahili kupanda?