Mwonjaji wa Makande ya Vuandola

"Mwonja mwikoni hajui ya sahanini." Maneno hayo aliyasema mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitunguu kwenye maandalizi ya sherehe ya kipaimara, baada ya kijana fulani kuchota pilau kidogo sufuriani, akatafuna, na kutangaza kwamba wageni watajilamba vidole. Vijana waliokuwa wakimenya viazi walicheka, lakini hakuna aliyejua msemo huo ulikotoka. Wakamwuliza Mzee Eliamini Kigono, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameketi kando yao akinoa visu. Mzee Kigono alikijaribu kisu kwa kidole gumba, akakiweka chini, akasema kwamba methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Vuandola, alikuwapo mama mmoja aitwaye Nakijwa. Hakuwa na mali wala cheo, ila alikuwa na ulimi. Akionja maharage alijua kama yalilala kwenye maji au yalibandikwa makavu. Alijua chumvi iliyotiwa mapema na iliyotiwa kwa kuchelewa, na mboga iliyopikwa kwa kuni mbichi alikuwa akiitambua kabla haijafika kooni. Pale kijijini hapakuwa na arusi wala matanga ambayo sufuria yake iliepuliwa kabla ya Nakijwa kuitwa.

Basi wazazi walipokubaliana kwamba watoto wale chakula cha mchana shuleni, wakaunda kamati, na kamati ikahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba chakula kinafaa. Jambo hilo halikujadiliwa hata dakika tano. Nakijwa akawa mwonjaji.

Kila siku ya masomo, saa tano, alifika jikoni pa shule. Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati lenye sufuria moja kubwa. Mpishi, Mama Kajiru, alizamisha mwiko kwenye makande ya mahindi na maharage, akaupandisha, na kumdondoshea Nakijwa punje chache kiganjani. Nakijwa alipuliza, akala, akatulia kidogo. "Kesho kitunguu kiive zaidi," alisema siku moja. Siku nyingine alisema tu, "Leo umeweza." Kisha alipita ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mshana, akamwambia chakula ni kizuri, akateremka shambani kwake. Alifanya hivyo miaka mitatu bila kukosa, hata majira ya ukungu, wakati mtu haoni anapokanyaga.

Katika mwaka wa tatu ada ya shule ilifutwa, na watoto wakaja wengi. Waliokuwa wakichunga mbuzi waliletwa, na waliokuwa wamekaa nyumbani mwaka mzima wakarudi. Vuandola ilifurahi. Lakini baada ya miezi michache akina mama walianza kuulizana kisimani kwa nini watoto wakitoka shule hupitiliza moja kwa moja kwenye kiporo. Wengine walimfuata Nakijwa. Wengine walimsubiri baada ya ibada.

"Mama Naetwe, hayo makande ya shule yakoje?"

"Nimeyaonja jana kwa kinywa changu," alijibu Nakijwa. "Mimi nyumbani kwangu sipiki makande mazuri kama yale."

Maneno yakaishia hapo. Nani angebishana na ulimi wa Nakijwa?

Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto shuleni hapo. Naetwe alikuwa kitinda mimba wake, yuko darasa la sita, msichana wa maneno machache. Naye akifika nyumbani alikula ugali baridi amesimama, hajavua hata sare.

"Kwani shuleni hamkula?" mama yake alimwuliza.

"Tumekula."

"Sasa njaa hii yatoka wapi?"

Naetwe aliinamia sahani. Nakijwa akajiambia kwamba mtoto anarefuka, na mtoto anayerefuka hashibi.

Jumatano moja mwalimu wa zamu aliwakamata wasichana watatu wa darasa la sita wakimwaga chakula kwenye mashina ya migomba, nyuma ya madarasa. Mwalimu Mshana alikasirika. Aliipanga shule nzima mistarini mchana ule, akatuma mtu shambani kumwita Nakijwa. Hakuitwa kama mzazi. Aliitwa kama mwonjaji. Alipofika na matope miguuni, aliwakuta wasichana watatu wamesimama mbele ya wenzao, na wa katikati alikuwa Naetwe.

"Mama," alisema Mwalimu Mshana, "hawa wanasema chakula cha leo hakiliki. Wewe umekionja. Tuambie."

Nakijwa alimtazama mwanawe, naye mtoto alikuwa akitazama chini. Akaona kwamba akisita, watu watasema amemkingia kifua mtoto wake. Na zaidi ya hayo, alijua alichokionja.

"Nimekionja," alisema. "Kimeiva, kina mafuta, chumvi yake ni ya kutosha. Anayemwaga chakula kile anamwaga jasho la wazazi wake."

Wasichana wakapewa adhabu ya wiki mbili za masomo. Kila asubuhi, kabla ya kengele, kila mmoja achote ndoo moja ya maji kwenye chemchemi bondeni na kuipandisha hadi jikoni.

Naetwe hakulia. Aliamka mapema, akachukua ndoo, akaenda. Alisalimia, alifua, alifagia uwanja, kila kitu kama zamani, ila hakumtazama mama yake usoni. Siku ya tisa alirudi shingo imekakamaa, hawezi kuigeuza. Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Nakijwa alipasha mafuta moto, akamkalisha mlangoni na kumkanda.

"Mwanangu," alisema, "ulitaka niseme uongo mbele ya watu kwa sababu wewe ni wangu?"

"Hapana, mama. Hukusema uongo."

"Basi unaninunia nini?"

Naetwe alisema taratibu, "Kuonja umeonja, mama. Kula hujala."

Nakijwa aliendelea kumkanda. Mwanzoni alichukia, kwa sababu kufundishwa na mtoto uliyemzaa si jambo jepesi kumeza. Lakini neno lile lilimkaa. Aliligeuza huku na huku wakati akichambua mboga na wakati akikama mbuzi, na hakuona pa kulishika ili alitupe.

Kesho yake saa tano alikwenda jikoni kama kawaida. Mama Kajiru alimdondoshea punje kiganjani. Zilikuwa nzuri. Nakijwa alipita ofisini, akasema chakula ni kizuri, akatoka. Lakini hakuteremka shambani. Alizunguka nyuma ya jiko, akaketi juu ya tofali, na chini ya kanga yake alikuwa amechukua sahani ya plastiki kutoka nyumbani.

Saa saba kengele ililia. Kwanza lilijazwa bakuli la walimu. Kisha lilikuja darasa la kwanza na la pili, nao wakapakuliwa makande mazito yanayong'aa mafuta. Baada yao Mama Kajiru alitazama ndani ya sufuria, akatazama mstari uliobaki, akainua ndoo ya maji na kuimimina. Akatupia konzi ya chumvi, akakoroga, akaendelea kupakua. Lilipopita darasa la nne alimimina ndoo ya pili. Kabla ya darasa la sita alimimina ya tatu.

Nakijwa aliinuka, akasimama nyuma ya msichana wa mwisho wa darasa la sita. Watoto walianza kucheka, halafu wakanyamaza. Alipofika mbele, Mama Kajiru alishtuka, mkono wake ukaanza kuchimba chini kutafuta punje.

"Nipakulie kama ulivyompakulia huyu aliyenitangulia," alisema Nakijwa.

Akapakuliwa. Alikwenda kuketi kwenye ukuta mfupi pamoja na watoto, si mbali na Naetwe. Sahanini mlikuwa na maji ya rangi ya majivu, na ndani yake alihesabu punje kumi na moja za mahindi na maharage manne. Maji yalikuwa vuguvugu, yana harufu ya maji mabichi, na chumvi ilikwaruza koo. Ulimi wake ulimwambia ateme. Aliwatazama watoto waliokuwa wakinywa kwa haraka huku wamefumba macho kama wanaokunywa dawa, naye akala na kunywa mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akaenda jikoni.

"Mama Kajiru, umeona nilichokula."

"Nimeona." Mpishi alikuwa amekaa kwenye kuni, mikono magotini. "Nilipoanza kazi walikuwa mia moja na tisini. Sasa ni mia tatu na arobaini. Mahindi ni yaleyale, maharage ni yaleyale, sufuria ndiyo hii. Nifanyeje? Niwape nusu, nusu nyingine niwafukuze? Naongeza maji ili kila mtoto aondoke na kitu sahanini."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani?" Mama Kajiru alimtazama moja kwa moja. "Kila siku unaonja, kila siku unakwenda ofisini kusema ni kizuri. Ningesema hakitoshi, wangeniuliza yanapokwenda mahindi. Wangesema nayapeleka kwangu. Mimi na wewe, wangemwamini nani?"

Nakijwa alitazama ndoo tatu tupu zilizopangwa kando ya sufuria. Alizijua. Moja ilikuwa yake.

"Maji haya wanaleta akina Naetwe," alisema.

"Ndio hao. Zamani nilikuwa nachota mwenyewe."

Jumamosi wazazi walikutana. Nakijwa aliomba kusema kabla ya ajenda. Aliwaita wale wasichana watatu mbele, akawaambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba alitoa ushahidi usiofaa dhidi yao, na akawaomba radhi. Halafu akaeleza alichokila. Watu walitazamana. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mndeme, alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama Naetwe," alisema, "mimi sielewi. Ni wewe uliyetuambia chakula ni kizuri. Mwaka mzima huu tumelala tukitegemea neno lako. Leo unasema watoto wanakunywa maji. Ulitudanganya?"

"Sikuwadanganya, mzee. Nilichoonja kilikuwa kizuri kweli. Lakini mimi niliishia kwenye mwiko, na watoto wanakula kwenye sahani." "Mwonja mwikoni hajui ya sahanini."

Mambo hayakunyooka siku moja. Kulikuwa na mabishano marefu kuhusu nani aongeze mahindi na nani hana, na wapo walionung'unika kwamba wanawalisha watoto wa watu. Sufuria ya pili iliazimwa kanisani, na maharage ya ziada yalipatikana baada ya mavuno, miezi miwili baadaye. Lakini maji hayakuongezwa tena. Siku chakula kilipopungua, Mama Kajiru alisema kimepungua, na akaaminiwa. Nakijwa aliendelea na kazi yake, ila alibadilisha saa. Aliacha kuja saa tano. Alikuja saa saba, akasimama mwisho kabisa wa mstari.

Mwalimu Mshana naye alikiri palepale mkutanoni kwamba adhabu ile, iliyokuwa imekwisha wiki hiyo, haikuwa ya haki, akasema hakuna mtoto atakayechota tena maji ya jikoni.

Hata hivyo Jumatatu alfajiri Nakijwa alichukua ile ndoo yake, akateremka chemchemini, akapandisha maji hadi jikoni. Alifanya hivyo na Jumanne. Hakumwambia mtu sababu, lakini Naetwe alielewa. Mama yake alikuwa akizirudisha zile siku kumi za adhabu.

Vuandola ina njia moja tu itokayo chemchemini, na asubuhi inajaa watu. Kila aliyekutana na mama wa makamo, mwonjaji wa kamati, akipanda mlima na ndoo ya maji ya shule kichwani, alisimama.

"Mama Naetwe, kulikoni tena?"

Nakijwa hakuwa mtu wa kusimama na mzigo aeleze kisa kirefu. Alijibu kwa maneno yale aliyoyasema mkutanoni, akapita. Waliosikia wakawauliza wengine maana yake, wakasimuliwa. Mpaka wiki inakwisha, watoto walikuwa wakiyasema mchezoni, na wazee wakiyatumia barazani kumnyamazisha mtu anayesifia jambo aliloliona akiwa mlangoni tu.

Asubuhi ya kumi, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, Nakijwa alimkuta Naetwe ametangulia chemchemini, ameketi juu ya jiwe. Binti aliinuka, akaipokea ndoo. Alichota maji, akaijaza, akamwekea mama yake kata ya nguo vizuri kichwani ili ndoo isimwumize, akamtwisha. Wakapanda pamoja. Kwenye kona ya juu walikutana na mzee mmoja mgeni, aliyekuwa hajasikia kisa chochote, naye akauliza kwa nini mama ndiye amebeba na binti anatembea mikono mitupu.

Safari hii Naetwe ndiye aliyemjibu.

"Mwonja mwikoni, babu," alisema, "hajui ya sahanini."