Wajina wa Binti wa Mwanvua

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kwenye mashamba ya miwa, panga lilimponyoka Zamoyoni, mwanamke aliyekuwa akikata miwa naye, likampata Mwanvua pajani. Damu ikaruka.

Aliyekuwa karibu ni Sikudhani, mke mwenza wa Mwanvua. Mwaka mzima wawili hao hawakuwa wakisemezana. Sikudhani alivua kanga, akaikunja, akaikandamiza kwenye jeraha. Hakuachia shambani, hakuachia kwenye trekta, hakuachia mpaka zahanati.

Zahanati haikuwa na damu. Ilikuwa na chupa nne za dripu na muuguzi mmoja, Tusekile. Alimtundikia Mwanvua chupa moja, akamshika kifundo cha mkono. Mpigo uliposikika kwa mbali, na Mwanvua alipoweza kutaja jina lake, Tusekile aliikaza dripu ikawa inadondoka tone moja moja.

"Chupa tatu ziko kabatini," mama yake Mwanvua, aliyekuwa amefika mbio, alisema. "Unazitunzia harusi yako?"

"Mama, maji si damu. Nikimjaza maji, damu iliyobaki itakuwa nyepesi, haitaganda, na jeraha litafumuka. Anahitaji damu. Nimeshapiga simu hospitali, gari linakuja."

"Ana roho mbaya huyu," mama aliwaambia watu.

Tusekile alisikia. Hakuifungulia dripu.

Hospitalini ilipatikana chupa moja ya damu. Haikutosha. Zamoyoni, aliyewafuata kwa bodaboda, alinyoosha mkono. Wakampima, kundi lake la damu likalingana na la Mwanvua. Mwanvua akapona.

Baada ya miaka miwili Mwanvua alijifungua binti. Siku ya saba wanawake wale watatu waliomwokoa waliketi mkekani, kila mmoja akitaka mtoto awe wajina wake.

Sikudhani alisema, "Mwenzangu, ningeachia, usingefika kwa hawa wengine. Vidole vyangu vilikufa ganzi siku mbili."

Tusekile alisema, "Aliyekandamiza alionekana. Aliyetoa damu alionekana. Mimi nilikuokoa kwa kujizuia, nikatukanwa. Ningefungulia chupa zote nne, ungefia mikononi mwangu, na mama hapa angenishukuru."

Mama alitazama mkeka.

Zamoyoni alisema, "Wao walizuia damu isitoke. Mimi niliirudisha."

"Uliyoimwaga mwenyewe," Sikudhani alimwambia. Watu wakacheka.

Zamoyoni hakucheka. "Ni kweli, dada. Mwanvua, kila nikikuona unachechemea, najiona mimi. Ndani ya nyumba hii jina langu linatajwa kwa kovu tu. Nataka siku moja nipite hapo nje, nisikie unaliita kwa kubembeleza."



Mwanvua alimpakata mtoto, akawatazama mmoja mmoja. Mtoto alikuwa ameshika kidole chake. Mama yake Mwanvua akamwinamia binti yake, akamwambia taratibu, "Jina ni moja, mwanangu."

Jina ni moja, nao ni watatu. Ninyi mliosikia, mtoto aitwe nani?