Tarehe Tatu za Meli Moja

Kuuliza si ujinga. Anayeuliza huona haya kitambo kidogo, lakini anayenyamaza huweza kubeba hasara msimu mzima. Zacharie wa Kisangani nusura aibebe.

Zacharie alizaliwa Isangi, akakulia mtoni kama kiboko. Mwaka huu familia thelathini za Yangambi zilimkabidhi kakao yao, na mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amesema waziwazi: ikipanda meli hii, atanunua kila msimu, ikikosa, atatafuta wengine.

Karatasi ya kuwekewa nafasi melini ikafika kutoka kwa wakala wa Mombasa, Kiingereza juu hadi chini. Ilikuwa na tarehe tatu: nane, kumi na nne na ishirini. Zacharie akaishika ile ya mwisho, iliyokaa karibu na jina la meli.

"Bon, meli inaondoka tarehe makumi mbili," akamwambia mkewe, Simone. "Lori itatoka hapa tarehe tisa, itafika kumi na tisa."

Simone alikuwa akichambua pondu, majani ya muhogo. "Papa Dady," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "kitendawili!"

"Tega."

"Meli iko moja, tarehe ziko tatu."

"Hiyo haiko kitendawili, iko mambo ya karatasi! Mimi niko mutu ya mto. Uliona wapi boti inaondoka siku yake? Inangoja ijae kwanza. Hata jirani Lionel anatuma lori yake ya meli hii siku ile ile."

"Alors, uliza wakala."

"Aseme Zacharie iko mujinga?"

"Sema mujinga iko mimi. Mimi sina haya."

Zacharie akampigia wakala simu, uso umemkunjamana kama aliyelamba ndimu. "Mama Aziza, mke wangu hajaelewa hizi tarehe."

"Mwambie mkeo ana akili," Aziza akajibu kwa lafudhi ya pwani. "Tarehe nane kontena tupu inatolewa ili ijazwe. Kumi na nne lango la bandari linafungwa, mzigo uwe umeshaingia. Ishirini meli inang'oa nanga. Atakayechelewa lango ataiona meli kwa macho tu."

Zacharie akajibwaga juu ya gunia, akahesabu kwa vidole. Leo tarehe mbili. Lori huenda siku kumi. Akaruka kama aliyekalia siafu, akawaita wapakizi. Akamwonya na Lionel, naye Lionel akacheka hadi akashika mbavu: "Papa Zacharie, toka lini meli inaogopa lango?"

Alfajiri lori likaondoka. Tope la Bafwasende likalishika siku nzima, na roho ya Zacharie ikakwama humo humo. Lakini dereva akaendesha hata usiku kufidia, tarehe kumi na tatu kakao ikaingia Mombasa, ikapakiwa kontenani, na asubuhi yake kontena ikavuka lango. Lori la Lionel lilifika tarehe kumi na tisa. Dereva akapiga simu: "Patron, meli iko hapa, ninaiona! Lakini wanakatala mzigo."

Mwezi uliofuata, Zacharie akifunga magunia mapya ya mnunuzi yule yule, Lionel akabisha hodi, karatasi mkononi. Akakohoa, akatazama chini.

"Papa Zacharie, mke wangu hajaelewa hizi tarehe."

Simone akaangusha mwiko. "Lionel! Ulioa lini?"

Wakacheka wote watatu hadi machozi. Zacharie akamvutia kiti. "Kaa, ndugu yangu. Hata mimi, aliyeuliza alikuwa mke wangu."

Basi wakaisoma karatasi ile pamoja, tarehe kwa tarehe, na safari hii hakuna aliyemsingizia mke. Kweli, kuuliza si ujinga.