Sikio la Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na shule.

Ikawaje?

Ikawa na watoto.

Wakawaje?

Wakapungua mmoja. Ah, nimeanzia mkiani, mnisamehe. Hadithi hii huniuma, ndiyo maana naikimbiza. Kaeni vizuri, na mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale wanyama wadogo wa milima ya mawe walikuwa na shule yao. Mwalimu alikuwa Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, na mdomo ule, jamani, haukuwa wa mapambo. Mwaka mmoja mvua ilinyesha, chwaa, chwaa, maji yakaingia mashimoni, na Mwalimu hakujua amtafute mtoto gani wapi. Alilia sana. Tangu hapo akaweka desturi yake. Asubuhi akiita jina, mtoto haitiki tu. Husimama, akasema analala wapi, nani yuko nyumbani, na anaumwa nini.

"Mwalimu hafichwi kitu," aliwaambia. "Nikijua, nitawasaidia."

Na kweli aliwasaidia. Tusimwonee.

Basi kulikuwa na mtoto wa Digidigi, jina lake Sikudhani, mpole, mwenye haya. Kila akiulizwa anaumwa nini, alijibu, "Siumwi, Mwalimu." Siku moja akamsogelea Mwalimu akamnong'oneza.

"Mwalimu, sikio langu la kushoto halisikii. Mama tu ndiye anayejua. Usiwaambie wenzangu, watanicheka."

Mwalimu akamkalisha mbele, sikio zima likimwelekea yeye. Na wenzake hakuwaambia hata mmoja.

Ndipo kwenye kikao cha wazazi akaja Chatu. Sssss! Alileta zawadi, gamba lake kuukuu linalometameta, likatandikwa darasani kama jamvi. Wazazi wakapiga vigelegele.

"Mimi nimeshazeeka," akasema Chatu. "Natafuta thawabu tu. Shule hii nitailinda bure."

Kwenye kikao kile alikuwepo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kimnyama cha mawe, hana hata mkia. Huyu alikuwa na watoto wengi na maneno mengi. Akauliza, "Bure? Kwani Chatu anakula nini?"

"Bi Pimbi na ubishi wako! Hebu kaa chini!" wakamkemea wazazi wenzake.

Akakaa. Lakini nyumbani akawaambia wanawe, "Mkiitwa shuleni, semeni nipo. Basi." Watoto wa Pimbi wakawa kila siku wanasimamishwa juani kwa utovu wa adabu.

Chatu akaja shuleni, sssss. "Mwalimu mjuzi, nitamlindaje nisiyemjua jina?"

Mwalimu akamtajia majina.

Akarudi, sssss. "Mwalimu mjuzi, nitamlindaje nisiyejua analala wapi?"

Mwalimu akamtajia mashimo na vichaka.

Akarudi tena, sssss. "Mwalimu mjuzi, nitamlindaje nisiyejua udhaifu wake?"

Hapo Mwalimu akasita. Alisita kweli. Lakini sifa ni tamu, na mlinzi ni mlinzi, au siyo?

"Basi yupo Sikudhani," akasema. "Asubuhi mama yake huenda kulamba chumvi, naye hubaki peke yake kichakani. Na sikio la kushoto halisikii. Huyo umwangalie sana."

"Nitamwangalia," akasema Chatu.

Kulipokucha Mama Sikudhani akaenda kulamba chumvi. Chatu akaja, sssss. Hakuja kwa kulia. Alikuja kwa kushoto.

Hap!

Msiniulize zaidi. Ni hap, basi.

Mama akarudi, ko-ko-ko, kwato zake kwenye mawe. Akaita, "Sikudhani!" Kimya. Akazunguka upande wa kulia akaita tena, maana ndivyo alivyozoea kumwita. Kimya. Akaona majani yamelala na mburuzo mpana umepita, umetokea kushoto. Mama akaelewa kwamba kuna mtu amesema. Akakaa chini pale pale akalia mpaka sauti ikamkauka.

Matangani Chatu alikuja, tumbo limemvimba. "Poleni, poleni sana. Mimi nilikuwa lindoni, sikuona kitu. Ati Mwalimu, sasa hivi ni mtoto gani anayeogopa zaidi? Nitajie nikamliwaze."

Watu wote waliliona lile tumbo. Lakini nani amsute Chatu? Wakainamisha vichwa. Mwalimu aliinamisha chake kuliko wote.

Bi Pimbi naye alikuwepo. Siku hiyo hakuwa na ubishi. Alikwenda kwake akangoja tumbo la Chatu linywee, ndipo akachukua boga kubwa, akalisugua pale wanapolala wanawe mpaka likanuka pimbi, na pimbi ananuka, msinibishie. Akaliweka juani juu ya jiwe mpaka likapata moto kama mwili wa mtoto. Kisha akaliviringisha, gurugudu, gurugudu, mpaka ndani ya pango lenye mlango mwembamba. Akamwendea Chatu, mikono nyuma, kichwa chini.

"Mzee wangu, ubishi nimekoma. Wanangu walikuficha habari zao. Nina kitinda mimba wangu, mnono, hata kutembea hawezi. Jua la utosini hulala pangoni peke yake."

"Hulia akishtuka?"

"Hata sauti hana."

"Umefanya la maana, mama," akasema Chatu, mate yakimdondoka.

Jua lilipofika utosini akaja, sssss. Akajipenyeza pangoni. Akagusa, kuna joto. Akanusa, ni pimbi. Hap! Likapita zima zima. Akageuka atoke. Kichwa kikapita, shingo ikapita, tumbo likakwama. Akavuta, kwi! Akasukuma, kwi! Mbele haendi, nyuma harudi.

Akainua macho akamwona Bi Pimbi amekaa juu ya jiwe.

"Bi Pimbi, pango hili lina mlango mwingine?"

"Unao."

"Uko wapi?"

"Mzee wangu, hizo ni habari za watoto."

Alibaki pale akivuta, kwi, akisukuma, kwi, mpaka siafu wakamnusa. Siafu hawana haraka, lakini kazi yao huimaliza. Watoto wakaruka kwa furaha. Bi Pimbi hakuruka. Alikuwa anamtazama Mama Sikudhani, na Mama Sikudhani alikuwa anatazama chini.

Asubuhi iliyofuata wazazi wakakusanyika shuleni. Mwalimu akalikunja lile jamvi akalitupa kule bondeni. Akasimama mbele yao, machozi yanamtiririka.

"Kosa ni langu," akasema. "Kuanzia leo mtoto akiitwa, aseme nipo, yatosha. Atakaloninong'oneza litabaki kwangu. Maana Sikudhani aliniambia kwamba..."

"Mwalimu!" Mama Sikudhani alikuwa amesimama. "Usiliseme."

"Nataka wazazi wajue nilivyokosa, mama."

"Wamejua umekosa. Hilo lingine hawalijui. Alilijua Chatu, naye amekufa. Unalijua wewe na ninalijua mimi. Mwanangu aliogopa kuchekwa. Mwache, asichekwe."

Mwalimu akaufunga ule mdomo. Alipoweza, akaanza kuita majina.

"Nipo."

"Nipo."

"Nipo."

Akafika kwenye jina la Sikudhani. Angeweza kuliruka, lakini hakuliruka. Akaliita.

"Hayupo," akaitika mama yake.

Hadithi imekoma hapo. Kama ni tamu, tuile sote. Kama ni chungu, niachieni nimeze mwenyewe.

Na funzo? Mnataka funzo? Haya, shikeni. Mtoto mwema humwambia mwalimu kila kitu. Mwalimu mwema humwambia mlinzi kila kitu. Na mlinzi mwema hushiba.

Na lile la sikio, mama yake alikataza lisisemwe. Mimi nimeshawaambia nyote.