Kindi na Ndege Nyepesi ya Dubu

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na nchi!

*Nchi gani?*

Ya baridi, ukitema mate yanafika chini yamekuwa jiwe!

*Lo! Basi tusogee motoni!*

Sogeeni, msikanyagane. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa mali ya wote, na Dubu ndiye aliyekula kwa niaba ya wote. Wanyama waliitana Ndugu, walipiga makofi kwenye vikao, kisha walikwenda kulala na njaa. Dubu alikula samaki wa mtoni, wakaisha. Akala uyoga wa msituni, ukaisha. Siku moja akainua shingo akaona jabali refu, na juu ya jabali viota vya korongo, na ndani ya viota makinda wamenona. Mate yakamtoka, do-do-do.

Akamwita Kindi, fundi wa kuchora, aliyeishi kwenye msonobari chini ya jabali hilo hilo.

"Ndugu Fundi!"

"Naam, Ndugu Mkuu."

"Nichoree ndege ya vita. Nyepesi! Inifikishe kule juu nikawanyakue wale makinda. Ukishindwa, nitaanza na wewe."

Kindi akacheka, kwa kuwa Mkuu alikuwa anacheka. Akapanda jabali mbio mpaka kwa Mama Korongo, jirani yake wa siku nyingi.

"Mama, wanao wataruka lini?"

"Majani yakianza kupukutika, mwanangu. Kwani kuna nini?"

Kindi akamweleza. Mama Korongo akawafunika watoto wake kwa mabawa, akalia waziwazi.

"Usilie, Mama. Kuchora nitachora. Nitachora mpaka majani yapukutike."

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Chombo hakijengwi kwa chuma mpaka kwanza kijengwe cha mbao, kwa ukubwa ule ule, na kikao kije kukikagua. Kila mjumbe ana haki ya kuongeza jambo lake. Kupunguza hakuna, maana ukipunguza la mwenzio umemtukana mbele za watu.

Kindi akachora, kwaru-kwaru-kwaru. Akagonga misumari, ko-ko-ko. Na hapo akajiponza, maana hakujua kuchora vibaya. Ikatoka ndege ndogo, nyembamba, ya injini moja, nzuri mpaka mwenyewe akaipenda. Ingejengwa kwa chuma, ingeruka kweli.

"Imekamilika, Ndugu Mkuu. Tujenge?"

Dubu akajibana ndani, akatikisa kichwa kwa furaha. "Jengeni!"

Kindi akainua macho jabalini. Akawafikiria wale watoto kule juu, bado hawana hata manyoya ya kuwatosha.

"Hewala, Ndugu Mkuu. Ila nakuonea huruma. Utapaa mpaka kule juu bila hata mtungi mmoja wa asali?"

Dubu akafikiri. "Ngoja! Ongeza mtungi."

Nguruwe Mwitu, mjumbe wa kikao, hakukubali kupitwa. "Mimi naongeza bamba la chuma chini ya makalio ya Mkuu, adui asije akamchoma!"

Mbwa Mwitu, mjumbe mwenzake, akasimama naye. "Mimi naongeza mizinga! Ndege ya vita bila mizinga ni kiti tu!"

"Zidumu fikra za kikao!" akapaza sauti Kindi.

"Zidumu!"

"Lakini kwa uzito huo mabawa lazima yarefuke. Nachora upya."

Kwaru-kwaru-kwaru. Ko-ko-ko.

"Imekamilika, Ndugu Mkuu. Tujenge?"

"Ngoja! Mtungi mmoja nitaumaliza njiani. Ongeza pipa."

Nguruwe Mwitu akaongeza bamba. Mbwa Mwitu akaongeza mizinga mpaka mkiani. Kindi akasema sasa injini moja haitoshi, anachora upya.

Kwaru-kwaru-kwaru. Ko-ko-ko.

"Imekamilika, Ndugu Mkuu. Tujenge?"

"Ngoja! Nikishashiba nitalala wapi? Ongeza kitanda."

Ikawa hivyo kiangazi kizima. Kindi ilimuuma kuona kazi yake nzuri inanenepeshwa namna ile. Kuna siku alijificha nyuma ya mbao akalia kidogo, akafuta machozi, kisha akaongeza ngazi yeye mwenyewe.

Dubu akaizunguka ndege, akachoka kabla hajafika upande wa pili. Akanuna.

"Fundi! Niliagiza ndege nyepesi. Hii mbona ina ngazi?"

Kindi akainama. "Kweli kabisa, Ndugu Mkuu. Ni nzito. Basi Mkuu aseme, tutoe kitu cha nani?"

Kila mjumbe akageuka kuangalia kitu cha mwenzake.

"Itolewe mizinga," akanong'ona Nguruwe Mwitu.

"Unanitukana?" akafoka Mbwa Mwitu. "Litolewe bamba lako!"

Wakarukiana, vurugu mechi, manyoya yakapeperuka. Vumbi lilipotulia wakamtazama Dubu. Dubu akalitazama pipa lake la asali, akalikumbatia.

"Vibaki vyote," akaamuru. "Lakini iwe nyepesi."

"Nimesikia, Ndugu Mkuu. Hiyo inataka mchoro mpya."

Kwaru-kwaru... Na kabla hajamaliza mstari, jani likaanguka juu ya karatasi, pwe. Likaanguka la pili. Kule juu kukasikika kruu! kruu! Mama Korongo alikuwa mbele, na wanawe nyuma yake, wanapiga mabawa mapya kwa mashaka, lakini wanaruka. Kindi akahesabu kwa macho, akawaona wote wamo. Akataka kupiga kelele za furaha, akajiziba mdomo.

Dubu alinguruma mpaka barafu ikapasuka. Akainua kofi juu ya Kindi.

"Chakula changu kimekwenda! Naanza na wewe!"

"Ndugu Mkuu!" akalia Kindi. "Kwani hao wamekimbia nini?"

Kofi likasimama hewani. "Wamekimbia nini?"

"Wamekimbia ndege yetu! Ingali ya mbao, na maadui wamehama nchi. Je, ingekuwa ya chuma? Tena angalia: hakuna aliyewahi kuitungua."

Dubu akaitazama ile ndege. Kifua kikamjaa. "Hakuna," akasema polepole, "aliyewahi kuitungua."

"Zidumu fikra za Mkuu!"

"Zidumu!"

Wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Dubu akamvisha Kindi nishani ya chuma, kubwa kama sahani, kisha akaenda kulala usingizi wake wa baridi na tumbo tupu, anatabasamu.

Kindi akarudi kwenye msonobari wake. Akajaribu kupanda, nishani ikamvuta chini, puu! Akajaribu tena, puu! Akaivua, akaitundika kwenye shina, akapanda mwepesi.

Hadithi yangu imetua, abiria wote washuke. Na funzo lake, watoto, lishikeni vizuri: mkipewa kazi na mkubwa, imalizeni upesi wala msimpotezee muda. Kindi mvivu alipata nini? Alipata majirani wazima tu. Msimwige.

*Hatumwigi!*

Waongo wakubwa nyinyi. Nendeni mkalale.